Upofu wa Theluji: Maana, Chanzo, Aina na Mwenendo Wake

Upofu wa theluji ni jeraha la muda la konea, yaani tishu angavu iliyo mbele ya jicho, linaloletwa na miale ya jua ya urujuanimno, hasa ile inayorudishwa na theluji au barafu. Matabibu huliita fotokeratitisi. Dalili zake kuu ni maumivu makali, machozi mengi, kope zinazojifumba zenyewe na macho kutostahimili mwanga. Uwezo wa kuona hufifia, lakini ni nadra kutoweka kabisa, na kwa kawaida hurejea kamili ndani ya saa 24 hadi 72. Aliyepatwa haoni kwa sababu hawezi kufumbua macho, na akiyafumbua huona kupitia machozi na konea iliyokwaruzika. Retina na neva inayopeleka picha kwenye ubongo hubaki salama.

Sifa moja hulitofautisha jeraha hili na majeraha mengi ya mwili: kinachojeruhi hakionekani, na wakati wa kujeruhiwa hakuna kinachouma. Maumivu huja baadaye, mara nyingi baada ya saa 6 hadi 12, jua likiwa limekwisha kuzama na hakuna tena cha kukinga. Hisia za mwili, ambazo humwondolea mtu mkono kwenye moto kabla hajafikiri, hapa hazisaidii chochote. Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata, kuanzia aina za jeraha hadi vifaa vya kujikinga, inatokana na jambo hilo.

Hali zinazochanganywa nalo

Hali ya kwanza ni kuungua kwa retina, kunakompata mtu anayelikodolea jua lenyewe, hasa wakati wa kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete na maelfu ya watu kukusanyika Rujewa mkoani Mbeya, onyo lililotolewa kwa watazamaji lilihusu hatari hii. Upofu wa theluji haukuhusika. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo huungua kimya kimya. Mtu hugundua doa katikati ya kile anachokitazama, na doa hilo laweza kubaki maisha yote. Konea ikijeruhiwa huuma sana na hupona, ilhali retina ikiungua haiumi na huenda isipone. Tofauti hii ndiyo muhimu kuliko zote katika mada hii, na aliyeishika hawezi kudanganyika kwamba jicho lisilouma ni jicho lililo salama.

Hali ya pili ni weupe mtupu, ambao ni hali ya hewa wala si ugonjwa. Mawingu na theluji vikilingana kwa mng'ao, vivuli na mstari wa upeo hupotea, na mwenye macho mazima hushindwa kujua kama mbele yake pana mteremko au tambarare. Akifumba macho na kuyafumbua, hali ni ileile na haumwi.

Hali ya tatu ni kuganda kwa konea. Hii huwapata wanaolazimisha macho kuwa wazi dhidi ya upepo wa baridi kali, kama watelezaji wa theluji waendao kasi bila miwani, na ukungu wake machoni huanza palepale bila kusubiri usiku. Ya nne ni kuvuja damu kwenye retina kunakotokana na uhaba wa oksijeni katika vimo vikubwa; huku pia hakuumi. Ya tano ni ya nadra, lakini inajulikana kwa sababu ya kisa kimoja: Mmarekani Beck Weathers alipoteza uwezo wa kuona sawasawa kwenye mlima Everest mwezi Mei 1996 kwa sababu konea zake, zilizokuwa zimefanyiwa upasuaji wa kurekebisha uoni, zilibadilika umbo alipofika juu. Walio mbali na hospitali huziita zote upofu wa theluji, na matibabu ya moja huenda yasifae nyingine.

Miale na vipimo vyake

Urujuanimno ni mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko ya rangi ya urujuani, ambayo ndiyo ya mwisho kuonekana na binadamu. Hugawanywa katika makundi matatu. Kundi A lina mawimbi ya nanomita 315 hadi 400, kundi B nanomita 280 hadi 315, na kundi C nanomita 100 hadi 280. Tabaka la ozoni huzuia kundi C lote na sehemu kubwa ya kundi B. Konea huathirika zaidi kwenye nanomita 270 hivi, yaani ndani ya kundi C, ambalo jua halilifikishi ardhini. Ndiyo maana jua, kwa kutumia masalia ya kundi B peke yake, huhitaji saa kadhaa kulijeruhi jicho, ilhali cheche ya umeme isiyochujwa na ozoni huweza kufanya hivyo kwa muda mfupi sana.

Kwa karne nyingi lawama zilielekezwa kwenye weupe wenyewe, au baridi, au upepo. Mtaalamu wa macho wa Sweden, Johan Widmark, alionyesha kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 1889 kwamba chanzo ni miale ya urujuanimno. Tume ya kimataifa inayoshughulikia kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ICNIRP, imeweka kikomo cha jouli 30 kwa kila mita ya mraba ndani ya saa 8, kiasi hicho kikipimwa kwa kuzingatia ukali wa kila urefu wa wimbi. Kipimo hujumlishwa: jua la asubuhi na la alasiri ya siku hiyohiyo huhesabiwa pamoja, hata kama katikati mtu alipumzika hemani.

Mambo manne huamua ni kiasi gani cha miale kitakachofika kwenye konea. La kwanza ni uso wa ardhi. Nyasi, udongo na maji hurudisha chini ya asilimia 10 ya miale, mchanga mkavu wa pwani hurudisha asilimia 15 hivi, povu la bahari asilimia 25, na theluji mpya hadi asilimia 80 au zaidi. Ukubwa wa tarakimu hii ya mwisho hautoshi kueleza hatari yake. Mwelekeo nao una nafasi kubwa. Paji la uso, nyusi na kope zimekaa mahali pa kulikinga jicho dhidi ya jua la utosini, na kwa mtu anayetembea shambani kinga hiyo inatosha. Theluji huileta miale kutoka chini, upande ambao uso wa binadamu hauna kinga yoyote. Hata kofia yenye ukingo mpana husaidia kidogo tu.

La pili ni mwinuko: kwa kila mita 1,000 za kupanda, urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, kwa kuwa hewa ya kuuchuja inapungua. La tatu ni mahali na majira. Karibu na ikweta jua hupita utosini na tabaka la ozoni ni jembamba kuliko la nchi za kaskazini. Kwenye Antaktika tabaka hilo hupungua sana kila majira ya kuchipua. Wanasayansi wa Uingereza walilitangaza jambo hilo mwaka 1985, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukafuata. La nne ni mawingu, ambalo ndilo linalodanganya wengi. Mawingu mepesi hupunguza mng'ao na joto, lakini huruhusu sehemu kubwa ya urujuanimno kupita na kuutawanya pande zote. Macho hukunja kope kwa sababu ya mwanga yanaouona. Siku ya mawingu hayaoni sababu ya kukunja, na mwenye miwani huivua ili aone njia vizuri. Visa vingi vibaya vimetokea katika siku za namna hiyo.

Kinachotendeka ndani ya konea

Konea ina unene wa nusu milimita hivi katikati. Tabaka lake la nje, epitheliamu, lina safu tano hadi saba za seli na unene wa maikromita 50 hivi. Chini ya safu hizo na katikati yake zimetandazwa ncha za neva za hisia, tawi la neva ya tano ya kichwa, kwa wingi unaoifanya konea kuwa miongoni mwa sehemu zenye hisia kali kuliko zote mwilini. Chembe ya vumbi isiyohisiwa kwenye kidole humtoa mtu machozi ikigusa hapo.

Miale ya kundi B humezwa na seli za tabaka hili, na nguvu yake huharibu chembechembe za urithi na protini. Seli hazifi hapohapo. Huanza mchakato wa kujiangamiza kwa utaratibu, unaochukua saa kadhaa, kisha hulegea na kubanduka katika vidoadoa vingi. Kila kidoa kikibanduka, ncha za neva hubaki wazi, na ukope unaposhuka huzisugua. Huu ndio ufafanuzi wa ule muda mrefu wa ukimya: maumivu hutokana na kubanduka kwa seli, na kubanduka huja nyuma ya mionzi. Kadiri kipimo kilivyokuwa kikubwa, ndivyo ukimya huo unavyofupika.

Mganga akidondoshea jicho rangi ya fluoresini na kulimulika kwa mwanga wa buluu, vidoa huonekana vya kijani ving'aavyo, vimejipanga katika ukanda ule ulioachwa wazi baina ya kope mbili. Sehemu iliyofunikwa na ukope wa juu huwa safi. Seli mpya hujongea kutoka pembezoni mwa konea na kuziba mapengo ndani ya siku moja hadi tatu, na kwa kuwa tabaka za chini kwa kawaida hazikuguswa, kovu halibaki. Kitu kimoja konea haiwezi kukifanya: haizoei. Ngozi hupigwa na jua ikawa nyeusi na nene, lakini jicho la mtu aliyeishi barafuni miaka 20 hujeruhiwa sawa na la mgeni.

Aina

Kwa kufuata chanzo, jeraha hili lina aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya asili, inayotokana na jua, na upofu wa theluji ndio mfano wake halisi. Ya pili ni ya mitambo, na yenyewe ina matawi. Tawi linalojulikana zaidi Afrika Mashariki ni la mafundi wa kuchomelea vyuma. Cheche ya umeme hutoa makundi yote matatu ya urujuanimno, na fundi anayeanzisha cheche kabla hajashusha ngao usoni, au kibarua anayemshikia chuma bila ngao yoyote, hulala salama na kuamka usiku wa manane akihisi macho yamejaa mchanga. Kitabibu ni jeraha lilelile, hatua kwa hatua. Anayetaka kufahamu upofu wa theluji bila kupanda mlima hahitaji kwenda mbali. Karakana nyingi za mijini zina mtu anayeweza kuusimulia. Tawi jingine ni la taa za kundi C zinazotumika kuua vijidudu hospitalini na maabara, ambazo watu huziwasha au kukaa chini yake bila kujua kwamba mwanga wake hafifu wa buluu si kipimo cha nguvu yake.

Kwa kufuata ukali, kuna aina nyepesi, yenye mwasho, wekundu na machozi, inayoisha kwa usingizi wa usiku mmoja; ya kati, ambayo kope huvimba na mwanga wa mshumaa hauvumiliki; na kali, ambayo macho hayafumbuki kabisa kwa siku mbili au zaidi. Kwa kufuata idadi ya macho, karibu kila mara ni yote mawili. Maumivu ya jicho moja tu huelekeza kwenye sababu nyingine, kama chembe ya chuma au ya jiwe iliyonasa, na humlazimu mganga kuitafuta.

Mwenendo wa mgonjwa

Saa za mwanzo hazina dalili yoyote. Baadhi huona rangi ya waridi ikitanda juu ya theluji kuelekea jioni, wengine huona duara la mwanga kuzunguka taa. Kisha huja hisia ya mchanga. Mgonjwa hufikicha, na kufikicha huongeza seli zinazobanduka. Machozi hutiririka bila kilio. Kope hukakamaa na kujifumba kwa nguvu isiyotii matakwa ya mwenyewe, na mtu anayemsaidia akijaribu kuzifungua kwa vidole hupata upinzani kama wa ngumi iliyofungwa. Giza hutuliza, lakini si kabisa, kwa sababu jicho likigeuka chini ya ukope uliofumbwa konea bado husuguliwa. Wagonjwa wengi hugundua wenyewe kwamba nafuu ipo katika kulala chali na kutotazama popote, hata kwa fikra. Usiku wa kwanza ndio mbaya zaidi. Mchana unaofuata maumivu hupungua kuwa uchungu mzito, na kuona hurejea kwa ukungu kwanza, kisha kwa ukamilifu.

Nyumbani, hayo ni mateso ya siku mbili. Mlimani maana yake ni nyingine kabisa. Asiyeona kwenye barafu yenye nyufa hawezi kupika, kufunga kiatu, kushika kamba wala kushuka, na wenzake hulazimika kuchagua kati ya kumsubiri na kumwongoza. Jeraha dogo kwa kipimo cha hospitali hugeuka swali la uhai wa kundi zima. Maandishi ya wasafiri yana ushahidi mwingi wa jambo hili, na visa vinne vinatosha kuonyesha sura zake.

Cha kale zaidi kati yake kimo katika kitabu cha Xenophon, askari na mwandishi wa Ugiriki, anayeeleza jinsi jeshi la Wagiriki lilivyovuka milima ya Armenia katika majira ya baridi ya mwaka 401 kabla ya Kristo. Anataja askari walioachwa njiani kwa kuwa theluji iliwapofusha, na anaandika kwamba kinga ilikuwa kubeba kitu cheusi mbele ya macho wakati wa kutembea. Ni maelezo mafupi, lakini tayari yana ugonjwa, chanzo na kinga.

Kisa cha pili ni cha Edward Wilson, daktari na mchoraji, aliyesafiri Antaktika pamoja na Robert Scott na Ernest Shackleton. Mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya kuchora milima kwa saa nyingi bila kinga ya macho, alipatwa vibaya kiasi cha kutumia matone ya kokeini na hatimaye mofini ili alale. Aliendelea kuvuta sleji akiwa amefungwa kitambaa machoni, huku Scott akimweleza kwa maneno mandhari waliyokuwa wakiipita. Wilson alikuwa daktari na aliujua ugonjwa huu vizuri kuliko wenzake, na bado ulimkamata, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutazama.

Cha tatu ni cha Edward Norton kwenye Everest. Tarehe 4 Juni 1924 alifika kimo cha mita 8,570 hivi bila oksijeni ya ziada, akiwa amevua miwani kwa sababu ilimzuia kuona pa kukanyaga na kwa sababu njia ilikuwa ya miamba zaidi kuliko theluji. Usiku wake akapofuka, na hakuona kwa saa 60 hivi. George Mallory na Andrew Irvine walipoondoka kambini tarehe 6 Juni kwa safari ambayo hawakurudi, Norton, kiongozi wao, hakuweza kuwaona. Kisa hiki kinathibitisha kwamba katika vimo hivyo theluji ya karibu si lazima. Anga lenyewe na barafu ya mbali hutosha.

Cha nne ni cha Annapurna. Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika kileleni, mita 8,091, tarehe 3 Juni 1950, wakarudi wakiwa wameumia kwa baridi, Herzog mikono na miguu, Lachenal miguu. Kesho yake Lionel Terray na Gaston Rébuffat, waliokuwa wazima, walivua miwani katikati ya dhoruba ili watafute njia ya kushuka. Walilala wote wanne ndani ya ufa wa barafu, na asubuhi ya tarehe 5 anga ilikuwa safi, lakini wale wawili wazima hawakuiona. Waliojeruhiwa miguu wakawa macho ya walioweza kusimama, hadi Marcel Schatz alipowakuta. Dhoruba yenyewe, pamoja na mawingu yake mazito, haikuzuia miale.

Milima ya ikweta

Afrika Mashariki ina sehemu tatu zenye barafu ya kudumu: Kilimanjaro wenye mita 5,895, Mlima Kenya wenye mita 5,199, na Rwenzori ambao kilele chake cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani mwa Uganda na Kongo. Zote ziko karibu kabisa na ikweta na zote zinapita mita 5,000, kwa hiyo zinakusanya pamoja jua la utosini, ozoni nyembamba na hewa hafifu. Kilimanjaro umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu uliyokuwa nayo mwaka 1912. Upotevu huo unasikitisha kwa kila hali, lakini haujaondoa hatari hii, kwa kuwa theluji mpya bado huanguka kileleni, na theluji mpya hurudisha miale kuliko barafu kuukuu iliyochafuka kwa vumbi.

Ratiba ya kupanda Kilimanjaro inaufaa upofu wa theluji kwa namna ya pekee. Wapandaji huondoka kambi ya mwisho karibu saa sita za usiku, gizani, wakati ambao miwani ya jua haimjii mtu akilini na huachwa kwenye begi chini. Jua huchomoza wakiwa karibu na ukingo wa kasoko, na saa zinazofuata za kufika kileleni na kuanza kushuka hupita katika mwanga kamili. Maumivu, kwa hesabu ya saa 6 hadi 12, huwakuta jioni au usiku wa siku hiyohiyo wakiwa wamekwisha teremka, pengine kwenye kibanda cha Horombo chenye mimea na ndege na bila theluji yoyote ya kulaumiwa. Rwenzori hatari yake ni ya namna nyingine, kwani mawingu hufunika mlima huo siku nyingi za mwaka na kuwashawishi watu kutovaa chochote. Katika milima yote mitatu, waongozaji na wapagazi ndio wanaorudi juu tena na tena kila msimu. Miwani bora ya mgeni wa wiki moja haina maana kubwa ikiwa anayemwongoza hana.

Vifaa vya kujikinga

Kinga ya zamani iliyokamilika ni ya Wainuit wa Aktiki na majirani zao: kipande cha pembe ya mnyama aitwaye karibou, jino la walrasi, mfupa au gogo lililookotwa ufukweni, kilichochongwa kwa umbo la uso na kupasuliwa mwanya mwembamba wa mlalo. Baadhi ya vilivyofukuliwa pande za mlango-bahari wa Bering vina umri wa miaka ipatayo 2,000. Ndani hupakwa masizi kupunguza mng'ao. Kifaa hiki hakina kioo, kwa hiyo hakishiki ukungu wala hakivunjiki, na mwanya wake huongeza ukali wa kuona vitu vya mbali. Hupunguza miale kwa kupunguza eneo linaloiingiza, bila kuchuja chochote. Ni uvumbuzi wa watu walioelewa wanachokifanya, na hadi leo kipande cha boksi gumu kilichokatwa mwanya hutosha kumteremsha mlimani mtu aliyepoteza miwani. Watibeti nao walifuma vizuizi vya macho kwa nywele za yaki.

Vioo vilivyotiwa moshi na vya rangi vilifuata huko Ulaya. Mwaka 1913 William Crookes wa Uingereza alichapisha matokeo ya utafiti wake wa vioo vyenye madini ya seriamu vinavyozuia urujuanimno. Jambo linalopaswa kueleweka hapa ni kwamba weusi na kuchuja ni sifa mbili tofauti. Lenzi ya plastiki ya polikaboneti isiyo na rangi yoyote huzuia takriban urujuanimno wote. Lenzi nyeusi ya plastiki duni huenda isiuzuie vya kutosha, na kwa kupunguza mng'ao humfanya mvaaji aache kukunja kope, hivyo konea yake ikawa wazi zaidi. Weusi ni wa kuburudisha macho, kuchuja ndiko kunakolinda. Viwango vya kimataifa huipanga miwani ya jua kuanzia daraja 0 hadi 4. Daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga unaoonekana. La 4, linalokusudiwa barafu na milima mirefu, hupitisha asilimia 3 hadi 8 na halifai kwa udereva. Miwani ya mlimani huongezewa vizuizi vya pembeni na chini, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa kuhusu mwelekeo wa miale.

Matibabu

Hakuna dawa inayoharakisha sana kupona. Kinachotibiwa ni maumivu, na kinachozuiwa ni maambukizo. Mgonjwa huondolewa lenzi za kuvaa jichoni kama anazo, huwekwa gizani, hukandwa kwa kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na hupewa vidonge vya kutuliza maumivu kama ibuprofeni au parasetamoli. Mganga anaweza kuongeza matone ya kulainisha na mafuta ya antibiotiki. Kuziba macho kwa bandeji, kulikokuwa desturi, siku hizi hakusisitizwi.

Dawa ya ganzi inahitaji maelezo yake yenyewe. Tangu Karl Koller alipoonyesha mwaka 1884 kwamba kokeini huondoa hisia za jicho, wasafiri wa barafuni waliibeba, na Wilson hakuwa peke yake. Tone moja la ganzi mikononi mwa mganga humwezesha kulichunguza jicho ambalo lisingefumbuka. Kumwachia mgonjwa chupa nzima aende nayo ni kosa kubwa: matone yakirudiwa huchelewesha seli mpya kuziba mapengo, na jicho lisilohisi huendelea kusuguliwa bila mwenyewe kujua. Maziwa, vipande vya viazi vibichi na majani yanayowekwa machoni katika karakana nyingi hutuliza kwa ubaridi tu, na huweza kuingiza vijidudu katika konea ambayo tabaka lake la ulinzi limebanduka. Maumivu yanayozidi saa 72, usaha, au doa jeupe juu ya konea si upofu wa theluji tena, na huhitaji hospitali.

Madhara ya kurudiarudia

Shambulio moja hupita bila alama. Miaka mingi ya miale, hata isiyofikia kiwango cha kuleta maumivu, huacha alama za aina nyingine. Mojawapo ni nyama inayoota kwenye weupe wa jicho na kutambaa juu ya konea, inayoonekana sana kwa wavuvi na wakulima wa nchi za joto. Nyingine ni baadhi ya aina za mtoto wa jicho, ambazo urujuanimno huchangia. Ya tatu ni kujaa kwa matone ya rangi ya dhahabu ndani ya konea, katika ukanda uleule unaoachwa wazi na kope, hadi mwanga ukashindwa kupita. Hali hii ya mwisho imeelezwa kwa wavuvi na wawindaji wa Labrador nchini Kanada, wanaoishi kati ya theluji na barafu ya bahari, na imeelezwa vilevile kwa wakazi wa visiwa vya Dahlak katika Bahari ya Shamu, Eritrea, ambako theluji haianguki na miale hurudishwa na mchanga na bahari.